Pua ya Subira

Shangazi yangu alikuwa na miaka arobaini na moja, meno yote, na farasi sita wa watu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha mbio. Wachumba wawili walishawahi kufika nyumbani. Wa kwanza aliuliza kama akiolewa ataacha farasi. Akapewa chai, akasindikizwa. Wa pili alisema yeye anapenda sana farasi, lakini alipopelekwa kuwaona, mmoja akampigia chafya mgongoni. Akaaga kwamba anakwenda kubadili shati. Mpaka leo anabadili.

Katika wale sita, kipenzi chake alikuwa Subira, farasi jike mwekundu mwenye miguu mizuri na hamu ndogo. Kila mara Subira alimaliza wa nne. Wakishindana wanane, wa nne; wakishindana watano, wa nne. Bibi, mama yake Shangazi, alisema mnyama yule mbio anazo, asichonacho ni tamaa.

Mwamuzi wa mstari wa mwisho tulimwita Jicho. Alikaa kwenye kibanda kirefu pembeni ya uwanja, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusema nani kafika kwanza. Farasi wakibanana, aliangalia picha iliyopigwa pale mstarini. Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa pasi hadi kwenye vifungo, na maneno yake ya kuhesabu. Kila Jumanne, siku isiyo na mbio, alikuja bandani, akapindua ndoo, akaikalia, akamtazama Shangazi akisugua farasi. Akiulizwa habari, alisema nzuri. Jioni ikiingia alisimama, akairudisha ndoo pale alipoikuta, akaaga. Mambo yakaenda hivyo miezi minane.

"Huyo anataka nini?" Bibi aliuliza.

"Labda anapenda ndoo," Shangazi akajibu.

Siku ya mbio kubwa ya kufunga msimu, Subira, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliamua kukimbia. Kwenye kona alikuwa wa tano, njia iliponyooka akawa wa tatu, kisha akawa bega kwa bega na farasi mweusi ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka miwili. Bibi alipanda juu ya kiti. Hakikuwa chake, na kilikuwa na mtu.

Wakavuka pamoja. Uwanja mzima ukasubiri picha. Baada ya dakika nne kipaza sauti kikatangaza: mweusi wa kwanza, Subira wa pili, kwa tofauti ya pua.

Shangazi alipanda ngazi za kibanda na buti zake za matope. Nilimfuata, ili pawepo shahidi.

"Nionyeshe," akasema.

Jicho akamvutia kiti, akamgeuzia kompyuta.

"Subira yuko mbele!" Shangazi akagonga kioo kwa kidole. "Si huyu hapa, kavuka?"

"Huo ni ulimi."

Shangazi akasogeza uso. Kweli, Subira alikuwa ametoa ulimi nje, mrefu, kama anayemkebehi jirani.

"Kwani ulimi si wa farasi?"

"Kanuni inataka pua."

"Kwa nini?"

Jicho akafikiri. "Ulimi hauna mfupa," akasema. "Hauaminiki."

Shangazi alikaa pale nusu saa. Aliomba picha ikuzwe, ikakuzwa. Aliomba igeuzwe, ikageuzwa. Mwishowe akasimama. "Ni pua ya mweusi," akasema. "Picha nimeikubali. Wewe sijakukubali."

Nyumbani alizivua buti kwa kuzitupa. "Miezi minane namvumilia, na pua moja tu ameshindwa kunipa!"

Bibi alikuwa akimenya viazi. "Mwanangu, mtu anakupenda, na bado ameshindwa kukudanganya kwa pua ya farasi. Atakudanganya kwa lipi?"

"Nani kasema ananipenda?"

"Ndoo," Bibi akasema, akachukua kiazi kingine.

Jumanne Jicho alikuja kama kawaida. Ndoo zote zilikuwa zimejazwa maji. Akasimama mpaka jioni, akaaga. Jumanne ya pili Shangazi alimkabidhi sepetu bila salamu, naye akazoa mavi ya farasi sita akiwa na shati lake la pasi. Alipoondoka, Shangazi alikagua kila pembe ya banda akitafuta kosa. Hakuliona, na hilo likamuudhi zaidi.

Alhamisi ya wiki hiyo, muuza tiketi alimsimamisha Shangazi langoni.

"Hongera, dada!"

"Ya nini?"

"Si umebandikwa ubaoni?"

Ilikuwa barua ya Jicho kwa kamati ya uwanja, imesainiwa na kupigwa muhuri: *Kwa kuwa nakusudia kumwoa mwalimu wa Subira, naomba nisiamue tena mbio zozote zenye farasi wake.*

Shangazi akaibandua, akapanda nayo kibandani. Yaliyosemwa huko sikuyasikia mimi, lakini muuza tiketi alikuwa nyuma ya mlango, na ni mtu mwaminifu.

"Umeiambia kamati. Umeuambia ubao. Mimi ungeniambia lini?"

"Jumanne. Barua hutangulia siku tano."

"Hutangulia nini?"

"Jambo lenyewe."

"Na nikikataa?"

"Nitaandika nyingine."

Shangazi akaketi. "Ulikusudia lini? Maana mbio zile uliamua wewe."

"Ulipoikubali picha. Kabla ya hapo nilikuwa napenda tu. Kupenda hakumo kwenye kanuni."

Shangazi alitazama nje dirishani kwa muda mrefu, ingawa uwanjani hapakuwa na farasi hata mmoja.

"Siachi kazi yangu," akasema.

"Sijakuomba uache."

"Na shati hilo utalipiga pasi mwenyewe."

"Ndivyo nifanyavyo."

Walioana baada ya miezi miwili. Kamati ilimhamishia Jicho kwenye mizani, kupima uzito wa wapanda farasi, na wote wanasema hana huruma. Zikija mbio za farasi wa Shangazi, anakaa jukwaani karibu na Bibi. Tulidhani atatulia. Hupiga kelele mpaka sauti inamkauka, na askari wa uwanja wamekwisha kumwonya mara mbili.