Mlinzi wa Barafu Dume

Mlinzi wa kijiji chetu, anayeichunga barafu ya mlimani, alinikataza kuhamisha udongo wa shamba langu, na mafuriko yakauchukua wote pamoja na miaprikoti, miti yangu ya matunda. Kazi yake ni kukaa juu ya jiwe, darubini shingoni, akifuta vioo vyake kwa ncha ya shati, kisha akiutazama mlima kwa macho matupu. Chai yake ya chumvi huipuliza hata ikiwa imepoa. Barafu ilipoanza kuteremka kwa kishindo, ikauziba mto na kufanya ziwa, nilimwambia nataka kuubeba udongo kwa vikapu mpaka juu, kama tulivyoupandisha zamani mimi na mama mkwe.

"Tulia, dada Nigar. Ile ni nyeusi, imejaa mawe. Wazee huiita barafu dume. Jike jeupe ndilo hutembea. Dume likitoka kidogo, hurudi kwake."

"Basi wewe wanaume huwajui, kaka."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Ziwa lilipasuka kabla ya mavuno, nikaachiwa mwamba mtupu.

Siku hizi mlinzi huja kila asubuhi, akikohoa kwanza nje ya ua.

"Dume lako limesharudi nyumbani?" namwuliza.

Huinama, darubini ikimgonga kidevu, akamwaga kikapu cha udongo juu ya mwamba na kuusawazisha kwa viganja kama anayekanda unga. Jana upepo ulipeperusha nusu. Akashuka kuleta kingine. Udongo bado haujafika kifundo cha mguu, na mwaprikoti unataka wa kufika kiunoni. Huo namdai yeye, wala sitaupokea kutoka mgongoni mwa mtu mwingine.