Mguu Usioachia

Samaki mkunje angali mbichi, walimwambia Fundi. Wa kwanza kusema alikuwa mpiga pasi wetu, wa pili mke wake mwenyewe, na wa tatu mteja aliyekuja kuchukua suruali na ambaye hakuna aliyemuuliza. Methali hiyo nimeichukia. Mtu si samaki. Lakini tangu nianze kumfundisha Fundi kushona kwa cherehani ya umeme, kuna saa nimetamani kuisema mimi, tena kwa sauti.

Fundi ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika kibarazani kwake msichana nisiyejua hata kutia uzi kwenye sindano, akanipa jina la Kidole kwa jinsi nilivyokuwa najidunga. Siku hizi nina chumba changu cha ushonaji chenye mashine nne, na goti lake limemgomea. Cherehani ya kukanyaga haiwezi tena. Akishona asubuhi, jioni goti limevimba, mkewe analikanda kwa maji moto huku akimsema. Nikamwambia aje kwangu. Mashine ya umeme haitaki nguvu, nilisema, inataka kuguswa tu. Nilisema kama mtu anayetoa zawadi.

Kumbe shida haikuwa nguvu. Kwenye cherehani ya zamani, ukitaka kusimama unaikaza miguu, ubao wa kukanyagia unagoma, gurudumu linatulia. Kwenye hii, ukikaza ndiyo unaitimua. Kusimama ni kuachia. Kichwa chake kilielewa siku ileile ya kwanza.

"Nikitaka kusimama naachia," alisema.

"Basi achia, Fundi."

"Si ndiyo naachia."

Hapo alikuwa amefika kwenye ncha ya kola, pale pa kutulia na kugeuza kitambaa. Mguu ukakaza. Mashine ikapaa, mshono ukatoka nje ya kola ukaendelea na safari zake, na yeye kwa kushtuka akakaza zaidi. Nilichomoa waya ukutani. Mpiga pasi alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Nilimvua kiatu ili mguu ukisikie kikanyagio. Nilikunja sponji nikaweka chini ya kikanyagio kisishuke sana. Mguu wa kushoto, ambao kazi haukuwa nayo lakini ulikuwa unapiga sakafu muda wote, nikauwekea kreti la soda upumzike juu yake. Nilimpa karatasi zenye mistari azishone bila uzi, kama wanavyofundishwa watoto. Kwenye mstari alinyooka vizuri tu. Kwenye kona, matundu yalitawanyika kama mtama uliomwagika. Alizitazama zile karatasi, akazikunja, akatia mfukoni. Sikuzipata tena.

"Kidole, ulichukua muda gani kuijua hii?"

"Siku mbili."

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, na ulimi hauna mfupa.

Mkewe alinipigia simu. "Chini ya meza ananikanyaga mwanamke mimi, anafanya mazoezi. Mwambie aache. Mtu wa umri wake anatafuta nini?" Nikamjibu kwamba anatafuta kazi yake. Akasema, "Mpe vifungo. Vifungo anakaa tu."

Ndiyo iliyokuwa hofu yangu, na yake pia, ingawa hatukuitamka. Vifungo kwangu wanashona wanaoanza. Mtu aliyewavisha mabwana harusi wa mtaa mzima, akakae kwenye kiti kifupi karibu na mlango anashona vifungo vya mashati ya shule. Na mashati yenyewe yalikuwa yananingoja: mwalimu mkuu alikuwa ametuma mtu kuyaulizia, na kola za Fundi zilikuwa zinapinda, kila moja kwa upande wake.

Basi nikafanya nilichofanya. Akishaondoka, nachukua kola zake, nafumua, nashona upya, naziweka kwenye rundo lake. Asubuhi namwambia tunasonga, Fundi. Niliona ni heshima.

Jumatatu iliyopita alifika kabla yangu. Nilimkuta amesimama na miwani yake, ameshika kola mbili dirishani.

"Hizi kola zimenyooka," alisema. "Nani kazishona?"



Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliziweka chini, akalinyoosha rundo kwa viganja, akatembea hadi mlangoni, akaketi kwenye kile kiti kifupi, akavuta kopo la vifungo. Alitunga uzi mara moja tu, mkono umetulia. Kufikia saa nne alikuwa amemaliza mashati mengi kuliko binti anayeanza kazi kwangu anavyomaliza mpaka mchana, na binti mwenyewe alikuwa amesimama hajui akae wapi.

Nitasema ukweli: nilipumua. Kazi ilikuwa inakwenda, kelele zimekwisha, mashati yatatoka kwa wakati. Nilijiona mtu mwenye bahati kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Halafu hasira ikanipanda, sijui hata ilikuwa ya nani, yangu au yake, nikaenda nikamnyang'anya kopo mikononi.

"Fundi, inuka."

"Niache nipumzike, mwanangu."

"Mimi matundu ya vifungo yaliponishinda, nikalia pale kibarazani kwako, uliniacha nipumzike?"

Alifikiri. "Hapana."

"Ulisemaje?"

"Nilisema ukilia, lilia pembeni, kitambaa cha watu kisilowe."

"Basi inuka."

Aliinuka kwa kushika ukuta, goti likalia. Aliketi mbele ya mashine, akaweka mguu wa kushoto juu ya kreti bila kuambiwa. Nikamtolea kola mpya.

"Hii ukiiharibu siigusi," nikamwambia. "Utaifumua mwenyewe."

"Na mashati ya watu?"

"Ya watu nitajua mimi."

Mpiga pasi alitua pasi yake. Fundi alishona upande mrefu, akafika kwenye ncha, mguu ukakaza, mshono ukatoka nje.

Alinyoosha mkono nikampa wembe, akavuta taa karibu, akaanza kufumua.