Amechangamka

Ilianza siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, mdogo wangu alipotupa shuka, akatoka nje pekupeku na kudai ugali. Alikuwa na miaka saba. Kabla ya hapo alikuwa amelala wiki nzima na zaidi akitazama ukuta. Ukimwita haitiki, ukimpa samaki anamshika tu mkononi hadi anapoa. Zahanati walimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa ya malaria. Kwetu mtoto akilala mchana ni malaria, kipimo kiseme kisiseme.

Kwa hiyo Jumanne ile mama alipiga kigelegele. Jirani akauliza kutoka ua wa pili, "Vipi huko?"

"Amechangamka!"

Ndilo neno la akina mama wa kwetu. Ukisema mtoto amechangamka umesema amepona, na hakuna atakayekuuliza zaidi. Mimi sikufurahi. Nalala naye kitanda kimoja, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kumwona akiinuka hivyo.

Ulikuwa mwaka wa wakimbizi. Warundi walikuwa wamejaa Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni mwa ziwa, meli inawaleta mjini kwetu, wanalala uwanja wa mpira wakingoja mabasi ya kuwapeleka kambini. Kila mtu alikuwa na habari zao, na mdogo wangu akazidaka. Kufikia Alhamisi alikuwa anaamka kabla ya adhana, anafagia ua wetu na wa jirani, huku anaongea. Mimi nikikesha kwa ajili ya mtihani, kesho yake nasinzia darasani. Yeye usingizi ulimpungukia siku baada ya siku na hakuchoka. Aliongea mpaka maneno yakawa yanakanyagana. Alisema yeye ndiye bosi wa ziwa. Alisema ameagizwa awarudishe Warundi wote kwao kabla ya Idi, tena atawabeba mwenyewe mgongoni.

Jirani alicheka mpaka akajishika kiuno. "Shoga, zima hiyo redio, betri zitaisha!"

Jumamosi alibeba beseni la dagaa wa mama, wale wa kuuza sokoni Katonga, akaenda kuwagawia wanawake wa uwanjani. Mama alikuja juu, lakini watu wakamtuliza kwa sifa. Mzee mmoja alisema mtoto huyu ana moyo, ana baraka, msimpige. Mama akamwacha, nadhani hata alijivuna kidogo. Nilipomnyang'anya beseni la pili alining'ata mkono, akalia kwa hasira mpaka akatapika. Sijamaliza kufuta matapishi, akawa anacheka, ananishika shavu, ananiita dada yangu mzuri. Kule kugeuka kulinitisha kuliko meno.

Kesho yake tulikwenda Katonga kuanika dagaa. Tulipoinua macho alikuwa ameshaingia ziwani na gauni lake, maji yamemfika kidevuni. Hajui kuogelea. Mama mmoja mchukuzi wa samaki akamfuata, akamkamata mkono.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kongo."

"Kongo bila nauli? Umemuaga nani?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kisha nikaona uso wake. Hakuwa na woga hata chembe. Alikuwa anashangaa tu kwa nini anacheleweshwa.

Nyumbani bibi, mama yake mama, alikuwa anamkausha nywele kwa kitenge. Akamwambia mama, bila kuinua kichwa, "Kaka yako naye alianza hivi hivi."

"Mama, tafadhali," mama akamkatiza.

Kaka huyo ni mjomba wetu. Anashinda kule Bangwe, anahamisha mawe kutoka ufukweni hadi barabarani, halafu anayarudisha. Kuna miezi hahamishi kitu, analala chini ya mtumbwi mbovu. Watoto wanamwita Injinia na kumrushia maganda ya ndizi. Mama akimwona kwa mbali anabadili njia. Siku ile ndipo nilipojua mama anaogopa nini, na mimi nikaanza kuogopa kitu hicho hicho: kwamba mdogo wangu atakuwa Injinia wa pili.

Jumatatu tulikwenda zahanati, kwa sababu bibi alikataa kula mpaka twende. Mimi ni mtu wa aibu. Nikiulizwa swali darasani natoka jasho, wenzangu wananiita Bubu. Nilikuwa nimepanga kukaa kimya na kubeba mkoba.

Foleni nusu yake ilikuwa Warundi. Nesi, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, akauliza bila kututazama, "Haya, mtoto anaendeleaje?"

"Amechangamka, nesi," mama akasema.

"Basi tumshukuru Mungu. Anayefuata!"

"Huko kuchangamka ndiko kuumwa kwenyewe," nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini hadi ikabidi nirudie.

Nesi akaweka kalamu. "Mwanafunzi, yaani akilala mgonjwa, akicheza mgonjwa? Hawa hapa wameona risasi. Wenu ameona nini?"

"Hajaona kitu. Ndiyo maana tumemleta."

Sijui alinihurumia au alitaka tumwondokee, lakini alitupeleka chumba cha pili, kwa daktari aliyekuja kwa ajili ya wakimbizi. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu, na hakunicheka. Aliuliza analalaje, anaongeaje, hasira zinamjiaje, kabla ya hapo alikuwa amenyong'onyea kwa muda gani. Nilijibu yote. Mdogo wangu alikaa kimya akichuna uzi kwenye pindo la gauni. Tangu asubuhi alikuwa ameanza kupoa. Njia nzima hakusalimia mbuzi hata mmoja.

"Kwenye ukoo kuna mtu mwenye hali kama hii?"

"Hapana," mama akasema. "Kwetu hayupo." Akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Yupo mjomba," nikasema.

Nesi, aliyekuwa ameingia kuchukua faili, akageuka kunitazama. Daktari akashusha pumzi. Alisema kuna ugonjwa unaitwa baipola, hisia zinapanda kupita kiasi, halafu zinashuka kupita kiasi. Unaweza kuonyesha dalili utotoni, lakini kwa umri ule ni vigumu kuthibitisha, maana mambo mengi yanafanana nao. Hakutaka kumbandika jina wala kumpa dawa kwa kubahatisha. "Anatakiwa aonwe na daktari wa akili anayejua watoto. Amfuatilie kwa muda mrefu."

"Yuko wapi huyo?" mama akauliza.

"Hapa hayupo. Labda Dar es Salaam."

"Na wewe?"

"Mimi kesho nakwenda kambini, mama."

Mama akacheka, kicheko kifupi kibaya. Daktari akatuambia tusimpige, alale mapema, asiachwe peke yake karibu na maji. Mama akasema asante. Nikafikiri, basi ni hayo tu. Nilikuwa nimekusanya ujasiri wote nilionao duniani, na ulitufikisha mlangoni tu.

Tulirudi mama akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni, mkubwa vile, miguu inaning'inia. Tulipokaribia kwetu alimweka vizuri mgongoni, bila kunitazama.

"Umemuuza mdogo wako," akasema. "Umemweka kundi moja na kichaa, mbele ya nesi mwenye mdomo. Nani atamruhusu mwanawe acheze naye? Kesho atachumbiwa na nani?"

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari anaondoka. Sisi tunabaki hapa. Mtu akikuuliza, ana malaria. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alfajiri mama alikwenda Katonga. Mdogo wangu alikuwa ameugeukia ukuta. Nilipika uji, nikautia sukari ya kutosha, nikakaa kitandani nikimwita kwa jina lake. Nilimgusa kisigino, akakivuta ndani ya shuka. Bibi alipokuja kukaa naye, uji ulikuwa umeganda juu. Nikaunywa mwenyewe kwa kuwa sikupenda kuumwaga, nikavaa sare, nikaenda shule. Nilichelewa. Mwalimu wa zamu akanisimamisha getini, akauliza kuna nini nyumbani.

"Mdogo wangu ana malaria," nikasema.

Akasema pole, akaniruhusu niingie darasani.