Laptopu Iliyoambiwa Si ya Kweli

Eti "jaribu tena mahali penye ubaridi"! Akeno alisoma jibu hilo, akafyonya, akasukuma kiti nyuma. Ubaridi, hapa Lodwar? Autoe wapi, kwa shangazi yake?

Akeno ni fundi wa kompyuta karibu na soko, na hasira zake haziko mbali. Siku hizo hakuwa akigombana na wateja. Aligombana na programu. Ilikuwa programu huria, ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi na yeyote anaweza kuurekebisha, mradi wenyewe wakubali. Kazi ya programu hiyo ni kubaini kama kompyuta ni ya kweli au ni ya kuigiza, inayoendeshwa ndani ya nyingine. Wenye mitihani ya mtandaoni huitumia, kwa sababu walaghai hujificha ndani ya kompyuta za kuigiza.

Sasa Nyibol ni mlaghai? Msichana yuko zake kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma na laptopu aliyouziwa na Akeno mwenyewe. Alipofungua mtihani wa kuingia chuo, akafungiwa: kompyuta hii si halisi. Alibakiziwa jaribio moja tu, Jumamosi. Likishindikana, nafasi ya masomo inaenda kwa mwingine.

"Dada, mimi nimezoea kuulizwa kama mimi ni wa kweli," Nyibol alimwambia Akeno kwa simu. "Lakini sasa hata laptopu?"

Akeno akauchimba msimbo mpaka akauona ujinga wenyewe. Programu huipa kompyuta kazi nzito, kisha husoma joto lake. Likipanda, kompyuta ni ya kweli. Lisiposogea, basi namba ya joto imetungwa na kompyuta ni ya kuigiza. Haya, Kakuma, chini ya mabati, mashine ikiwashwa tu imeshafika kikomo cha joto, na hapo hapo inabaki. Ipande iende wapi?

Akapeleka marekebisho: joto peke yake lisihukumu. Msimamizi wa programu, bwana mmoja wa nchi ya theluji, akajibu kwa adabu nyingi kwamba hakuna mashine halisi inayokaa hivyo. Akeno akatuma vipimo vya joto vya laptopu ya Nyibol. Akaambiwa huenda kifaa ni kibovu. Akatuma vya mashine zote za dukani. Ndipo akaletewa hizo habari za ubaridi.

"Huyu anataka kunitoa roho," Akeno alisema. Akaandika, safari hii bila salamu: "Ndugu yangu, funga madirisha. Washa hita. Ifunike laptopu yako kwa blanketi mpaka iwe moto kabisa, halafu endesha programu yako mwenyewe."

Ijumaa jibu likaja, fupi: amefanya hivyo, na programu imemwambia kompyuta yake si halisi. Anaomba radhi. Marekebisho yamepita, na wenye mtihani wameshapokea toleo jipya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Akeno alicheka mpaka akakohoa, kisha akakasirika upya, maana vipimo vyote vile havikutosha mpaka bwana aungue mwenyewe.

Jumamosi simu ikalia. "Dada! Imefunguka! Imenikubali!" Nyibol alikuwa analia.

"Haijakukubali. Imeacha tu kukusingizia," Akeno alisema. "Na wewe unapiga simu ndani ya mtihani? Kata, Nyibol! Kata kabla hawajasema unaiba mtihani!"