Miaka miwili kabla ya kustaafu, Bertilla achagua bima ya wawili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Julai bado imeikalia Sumbawanga. Bertilla Kauzeni amejitanda kanga mbili juu ya sweta na kuziba pua kwa kitambaa. Anakinga kiganja kwenye mdomo wa mashine, anapokea unga wa kwanza wa siku na kuusugua kwa vidole.

"Zima," anamwambia mwenzake. "Chekeche limetoboka."

Wateja watatu waliobeba ndoo za mahindi wanaguna, lakini hakuna anayebisha. Chekeche linafunguliwa, na kweli, lina tundu linalopitisha punje ya ulezi. Dakika ishirini baadaye mashine inanguruma tena, na Bertilla anainamisha kichwa kuisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa.

Ana umri wa miaka 58. Kazi hii ameifanya kwa miaka 29, tangu marehemu mzee Saad, mfanyabiashara wa mjini hapa, alipomwajiri kufagia unga sakafuni. Siku moja mwendesha mashine aliugua, foleni ikafika barabarani, na yule mfagiaji akasema anajua pa kushika. Tangu hapo hakurudi kwenye ufagio. Leo analipwa shilingi 280,000 kwa mwezi, na biashara inaendeshwa na Husna, binti wa mzee Saad, aliyekuwa akichezea pumba hapohapo alipokuwa mdogo.

Pamoja na mshahara, Husna humlipia kadi ya bima ya afya. Inamhusu mfanyakazi peke yake, si mwenzi wala watoto. Kwa miaka mingi Bertilla aliiona kama kipande cha plastiki cha kuhifadhi ndani ya Biblia. Ndipo miaka minne iliyopita akapatikana na uvimbe tumboni, akapelekwa Mbeya kufanyiwa upasuaji.

"Nililala siku kumi na moja," anasema. "Mama wa kitanda cha pili alikuwa na tatizo kama langu, ila hakuwa na kadi. Ndugu zake walikuwa wanapiga simu kutwa, kuuza hiki, kukopa kile. Mimi nilikuwa nawaza kupona tu. Hapo ndipo nilipoelewa ile plastiki ni kitu gani."

Kwa hiyo Husna alipomwita ofisini mwaka jana, Bertilla alisikiliza kwa makini.

"Mama Monika, ukifika sitini kadi inakoma siku hiyohiyo ya kutoka kazini," Husna alimwambia. "Na ukisubiri mpaka siku hiyo, kampuni hii ya bima haipokei mwanachama mpya aliyevuka sitini. Anza kutafuta sasa, mama yangu."

Alipewa karatasi mbili za kampuni ileile. Mpango wa kwanza ulikuwa wa mtu mmoja, shilingi 190,000 kwa mwaka, na matibabu yake yaliishia hospitali za ndani ya mkoa. Wa pili ulikuwa wa mume na mke, shilingi 560,000, na ulifika mpaka hospitali za rufaa.

Bertilla alizisoma kwa mwezi mzima. Mkono wake ulikuwa unavutwa na ule wa kwanza. Mume wake, Victor, ni mkulima wa mahindi na ulezi, mtu mrefu mwenye mgongo ulionyooka ambaye hajawahi kulazwa hata siku moja. Isitoshe, Bertilla alikuwa na akiba ya shilingi milioni moja na laki tisa aliyoikusanya kidogo kidogo, na akiba hiyo ilikuwa na kazi yake: kununua mashine ndogo ya kusagia ulezi, aiweke kijijini kwao akishastaafu.

"Nilisema nijikatie mimi mgonjwa," anakumbuka. "Mzee mzima wa afya, wa nini kumlipia?"

Jumapili moja baada ya misa, Kheri, wakala wa kampuni hiyo, alikuja nyumbani kwao na fomu za mipango yote miwili. Kwa kuwa Bertilla alikuwa hajafunga mjadala, Kheri alianza na maswali yanayowahusu wote. Jina. Umri. Kazi. Kisha akafika kwenye swali la nne: kuna mwenye ugonjwa wa kudumu?

"Mimi nimepona," alisema Bertilla. "Kwa mzee andika hapana."

Victor alikohoa. "Andika presha."

"Presha ya nani?"

"Yangu."

Kheri akashusha kalamu. Bertilla akageukia Kifipa, lugha wanayoitumia wakiwa wawili, na mumewe akajibu kwa lugha hiyohiyo, taratibu, akiangalia sakafu. Ilikuwa miaka miwili tangu ajulishwe zahanati. Vidonge alivificha kwenye kopo la misumari. Mwezi hela ilipokuwepo alivinywa, isipokuwepo aliacha.

"Angejua, angeivunja akiba ya mashine yake," Victor anaeleza leo, akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yao. "Amesaga unga wa watu miaka yote hii. Nilitaka naye asage wake."

Siku ile Bertilla alitoka uani, akakaa kuchambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

"Nilikasirika sana," anasema. "Halafu nikajiuliza, mimi ninayesikia mashine ikiumwa kabla haijazima, huyu ninayelala naye nilikuwa simsikii?"

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na lake. Jirani yao, Polikarp, alishauri waandike hapana na wanyamaze, nani atajua? Bertilla alimjibu palepale: "Siku akianguka watafungua daftari la zahanati, wakute presha ya miaka miwili. Wakikataa kulipa, nije kugonga kwako?"

Binti yao, Monika, anayeishi Kipili, alipiga simu kupinga. "Mama, nunua mashine yako. Mkiugua sisi watoto tutachanga."

"Mwanangu, najua mtachanga," mama alimjibu. "Lakini mchango unaanza kutafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani."

Kheri naye hakuwapamba. Alisema wakiandika ukweli, ada ya wawili itapanda mpaka shilingi 640,000, na presha haitatibiwa kwa kadi mpaka mwaka mmoja upite. Miwani haimo. Gari la kuwapeleka Mbeya halimo.

Mwaka mmoja wa kungoja ndio uliomfanya Bertilla aamue haraka. Akianza sasa, utakwisha wakati yeye bado ana mshahara wa kununulia vidonge vya mumewe. Alikata bima ya wawili, akaitoa ada yote kwenye akiba. Mashine ya ulezi imesogezwa mbele, pengine mpaka afikishe miaka 62, mafao yakimkalia vizuri.

Je, hajutii?

"Zipo siku najuta. Nikiona mashine inauzwa pale dukani, moyo unauma. Na mwakani itabidi nilipe tena, na mwaka utakaofuata. Sijui kama nitaweza kila mwaka. Ila nikirudi nyumbani nikamkuta anapasua kuni, basi."

Miezi mitano ya kungoja imepita, saba imebaki. Kila asubuhi, kabla Bertilla hajatoka kwenda mashineni, Victor anameza kidonge chake mbele yake, kisha anafungua mdomo kuonyesha kwamba kimeteremka. Wote wawili hucheka.

Anapoulizwa siku ya kwanza ya kustaafu atafanya nini, Bertilla anafuta unga kwenye nyusi.

"Nitalala mpaka saa mbili. Kisha nitamsindikiza mzee kliniki. Na sitakaa kwenye benchi la nje. Nitaingia naye mpaka kwa daktari, nisikie kwa masikio yangu mwenyewe."