Barabara yetu ya Mubi ilivyomfungia mama mkwe ndani

Wakuu, salamu kutoka Mubi, Walikale. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijayatia chumvi.

Nina duka la vipuri vya pikipiki katikati ya mji, na tunaishi nyuma yake. Kwa asiyeijua Mubi: ni mji wa barabarani, ndani ya msitu, na watu wa machimbo hununua vitu hapa. Malori, pikipiki, kelele tangu alfajiri.

Mimi niliona ni sifa. Barabara yenye watu wengi ni barabara nzuri, si ndiyo?

Mke wangu alipojifungua, mama yake akaja kutoka Kitshanga kumsaidia. Ni mtu wa milimani, amefuga ng'ombe na kuuza maziwa maisha yake yote. Tulitamani abaki nasi moja kwa moja, maana kule anaishi peke yake na mke wangu hapati usingizi kwa kumuwaza.

Lakini mama hakutoka nje. Kutwa ndani na mtoto. Kisha akamwambia binti yake: "Mutoto akipata nguvu, mimi narudia kwangu. Barabara yenu iko mubaya."

Nikadhani ni uchafu. Nikazibua mtaro, nikamwaga kokoto kwenye tope, nikapaka ukuta rangi ya bluu. Nikamwita aone.

"Papa Furaha, rangi iko muzuri," akaniambia, akiniita kwa jina la mtoto. Akarudi ndani.

Hapo nilinuna kidogo, wakuu.

Siku moja alitoka kununua sabuni, nikawa namtazama kutoka dukani. Akakutana na jirani yetu muuza ndizi, akasimama amsalimie. Kwao salamu si neno moja. Unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, na unasubiri jibu.

Alikuwa bado kwenye watoto, pikipiki ikapiga honi mgongoni mwake.

"Mama, achia njia!"

"Sema kwanza jambo, ndiyo nitaachia!"

Dereva akacheka. "Jambo, Mama. Sasa achia!"

Wakasogea mbele ya duka langu. Hapo jenereta yangu inanguruma. Jirani anaongea, mama ameweka mkono sikioni. Wakaachana bila kumaliza.

Aliponifikia akauliza, bila hasira: "Huku muntu anasalimia mwenzake wapi?"



Nikaiangalia barabara upya. Bidhaa zimepangwa hadi zinapopita pikipiki, spika kila mlango. Pa kununua ni kila mahali. Pa kusimama hakuna. Na baraza yangu mwenyewe ilikuwa imejaa matairi.

Nikahamishia jenereta nyuma ya choo, matairi nikayaingiza ndani, madereva wa pikipiki waliozoea kuegesha mlangoni nikawaomba wasubiri abiria ng'ambo ya barabara. Nikaweka benchi barazani.

Mwanzoni mama alikaa kidogo tu. Sasa muuza ndizi anakuja, na wengine, hadi wateja wanaomba njia.

Juzi alimpigia simu ndugu yake wa Kitshanga: "Nguo zangu zenye zilibakia, muzitume. Na ile ng'ombe, muiuzishe."

Jioni ile mke wangu alilala kabla ya mtoto.

Nilichojifunza ni hiki: ukiona mtu anaichukia barabara yako, usikimbilie ufagio wala rangi. Simama hapo na mwenzako, mjaribu kuongea.

Nanyi wakuu, kwenye barabara yenu kubwa watu wawili wanaweza kumaliza salamu? Semeni, nawasoma.