Nilitafuta mwaka wa darubini yetu ya Japan ili nisafishe jina la baba

Hapana mkuu, hiyo point yako nimeisoma tena na tena na bado imenikwama kwa koo. Unasema ati hata nikijua telescope yetu ilitengenezwa mwaka gani, hiyo haionyeshi baba hakuiiba, juu hata mtalii anaweza kuwa na kitu ya zamani.

Sawa. Lakini soma mpaka chini. Leo mchana nimejua kitu ingine kabisa, na hakuna mtu hapa alikuwa ameifikiria, hata mimi.

Wakuu wengine, habari zenu. Kwa wenye hawakuona uzi wangu wa kwanza, mimi ni msichana wa Isiolo. Naishi Wabera hapa town na mum na brother yangu Ekiru, lakini kwetu kabisa ni Ngaremara. Nilimaliza form four nikaachia hapo. Hii naandika ni vile ilitendeka. Kama ningetaka kudanganya ningejipatia mwisho mzuri.

Kwetu kuna telescope. Sisi tunaiita darubini, na kila mtu anaiita hivyo.

Babu yangu alibebea wazungu mizigo ule mwaka wa sabini na tatu, jua lilipofunikwa na mwezi mchana huko juu upande wa ziwa. Walipomaliza kuangalia jua lao, wakamwachia darubini moja. Hiyo ni story ya babu. Babu akaachia baba.

Baba alikuwa anafanya kazi camp moja ya watalii, kutandika vitanda na kupeleka maji moto. Jina la camp sitataja. Nikiwa class four, mgeni akapoteza kitu. Manager Kiswahili ilikuwa inamshinda, so supervisor ndiye aliita wafanyakazi mmoja mmoja kuwauliza.

Uncle yangu Lokwang, ndugu mdogo wa baba, alikuwa anapika hapo hapo. Akaulizwa kama anajua mtu ako na darubini.

"Si ndugu yangu ako nayo kwa nyumba," akasema.

Baba akaitwa.

"Wewe, uko na darubini kwako?"

"Niko nayo. Ni ya baba yangu."

"Ati ya baba yako!"

Mum anasema walicheka mpaka mmoja akashika meza. Wakamwambia avue uniform na asionekane hapo tena. Police hawakuitwa, ati wanamhurumia. Hakuna mtu alikuja kwetu kuangalia.

Ngaremara mnaijua, watu wako kando ya barabara siku nzima na vitu zao za kuuza. Jua halijazama kila mtu alikuwa amesikia. Shule nilikuwa naitwa Darubini. "Darubini, leo umeona nini?" Nilipigana na msichana mmoja mpaka nikapasua sweater yake, na mum akaishona bila kuniuliza kitu.

Tukahamia town. Baba akaingia mjengo, kubeba mawe na kuchanganya simiti. Hakuwahi pata kazi ya camp tena. Aliaga mwaka jana. Uncle Lokwang alikuja mazishi, akasimama huko kwa fence, akaenda kabla ya chakula. Mum hakumwita, na yeye hakusogea.

Kwa nini nimeamsha hii maneno sai? Ni juu ya Ekiru. Alienda kuomba kazi ya driver kwa camp ingine, sio ile. Jamaa akaangalia ID yake akamuuliza, "Nyinyi sio ile familia ya darubini?"

Akarudi nyumbani akaniambia, "Chukua hiyo takataka uchome. Hata mbao tutapikia chai."

Mimi sina subira, hiyo najua. Hiyo jioni nikaivuta chini ya kitanda, nikafuta vumbi, nikapiga picha, nikaingia huku kwenu kwa forum kuuliza. Nilijiambia hivi: nikionyesha ilitengenezwa kabla ya jua la babu, basi babu hakudanganya, na baba hakuiba.

Sasa kwa wenye wako na ya Japan kwa nyumba, wacha niwaambie venye nilisumbuka, labda itawasaidia.

Kitu ya kwanza niliona jina kubwa kwa tube, nika-google, nikajua nimemaliza kazi. Kumbe hiyo ni jina ya duka tu! Viwanda vya Japan vilikuwa vinatengenezea maduka ya ng'ambo, kila duka inabandika jina yake. Mwenye kuitengeneza anaacha alama kadogo. Yetu iko chini ya focuser, hapo pa kuzungusha ndio picha iwe clear. Ni duara na herufi mbili ndani, na moja imefutika. Nimewauliza nyinyi, mmenipa majibu tatu tofauti.

Halafu imeandikwa D=60mm F=910mm. Ya kwanza ni upana wa lens, ya pili ni umbali kutoka lens mpaka mahali mwanga unakutana. Usidanganyike, hiyo haikuambii mwaka. Walitengeneza hiyo size miaka mingi sana.

Kuna serial number. Mkuu mmoja akaniambia digit mbili za kwanza ndio mwaka, na yetu inaanza na 68. Wueh! Nilikimbia kuambia mum akiwa anafua. Baadaye mwingine akasema si viwanda vyote vilifanya hivyo, vingine vilikuwa vinahesabu tu moja, mbili, tatu. Nilimjibu vibaya sana. Mkuu, kama uko hapa, ulikuwa unasema ukweli.

Kwa hivyo usishike kitu moja, shika zote. Eyepiece zetu, zile vioo za kuwekea jicho, ni nyembamba, 24.5mm. Za siku hizi ni nene kuliko hizo. Miguu ni ya mbao. Box pia ni mbao, imechongwa ndani mahali pa kila kitu. Nyingi za baadaye zilikuja na miguu ya aluminium na carton ya styrofoam. Na kwa tube kuna sticker kadogo ya dhahabu, imekwaruzwa, lakini PASSED inasomeka. Hiyo ilikuwa ya wakaguzi wa huko Japan kabla mzigo uingie meli.

By the way, kuna kioo nyeusi imeandikwa SUN, ya kufunga kwa eyepiece ati uangalie jua. Tafadhali msijaribu. Inapata moto inapasuka jicho likiwa hapo hapo. Yetu nimeitoa kwa box.

Jumla ya yote: mwisho wa miaka ya sitini, ama mwanzo wa sabini. Inaingia kwa story ya babu sawa sawa. Nilikuwa na furaha yenye sikuwa nimeskia tangu tuzike baba.

Sasa leo nikaenda kwa yule supervisor. Anaitwa Mzee Mwenda, ni Mmeru, alistaafu, ako na duka ya chakula ya kuku na ng'ombe hapa town. Nilikuwa nimejipanga kama wakili. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani.

Akasema, "Pole na mzee. Nilisikia."

Nikatoa simu nikaanza. Sticker. Miguu ya mbao. Eyepiece. Naongea mbio, simwachi apumue. Yeye anaangalia picha, anasukuma miwani yake juu ya pua.

"Msichana wangu, ngoja. Hii ni nini?"

"Ni darubini, mzee. Ile ya baba."

"Hii? Hii ya kusimama na miguu?"

"Ndio."

"Hapana. Darubini ni ile ya macho mawili. Ile ya kuvaa shingoni." Akaweka ngumi zake mbili kwa macho kunionyesha. "Yule mgeni alikuwa mtu wa ndege. Alipoteza ile yake ya kuangalia ndege."

Wakuu, binoculars.

Mgeni alisema binoculars. Manager akasema binoculars. Mzee Mwenda akaitafsiri akasema darubini, na hakukosea, si hiyo ndio jina? Uncle akaulizwa darubini, akafikiria ile ya babu. Baba akaulizwa darubini, akafikiria ile ya babu, akasema ukweli. Wakamfukuza kwa kusema ukweli.

Neno moja, vitu mbili. Na hakuna mtu aliuliza, ni gani?

"Sasa mbona hakusema yake ni ya aina ingine?" Mzee Mwenda akaniuliza.

"Angejuaje? Nyinyi mlisema darubini. Na yeye alikuwa nayo."

Mteja akaingia anataka layers mash ya kuku, mzee akampimia, akarudi akasimama tu hapo. Mwishowe akasema, "Miaka imeenda, msichana wangu."

Hiyo tu. Hakusema pole ya pili. Na sikulia huko kwake, nililia nikifika kwa kona ya msikiti.

Sasa mkuu wangu wa kwanza, umeona? Mwaka haukuwa na maana yoyote. Sticker, mbao, hizo number zote, nilikuwa najibu swali yenye hakuna mtu aliuliza. Ingetosha mtu mmoja kukuja kwetu na kuangalia kwa macho yake.

Na sitawadanganya. Hiyo binoculars ni nani aliichukua, sijui. Siwezi kuapa sio baba. Lakini kitu yenye walimfukuzia ilikuwa yake.

Mum nimemwambia. Alikuwa anachagua maharagwe. Akaendelea kuchagua, halafu akasema, "Lokwang anajua?"

Hilo swali ndio limenikalia.

Nilichojifunza ni hii: kabla ubishane kitu ni ya nani ama ni ya lini, hakikisha nyote mnaongea juu ya kitu moja. Kama imewahi kukutokea, neno moja kuharibia mtu maisha, andika hapo chini. Wale wa "achana nayo, yalipita", nimewasikia, sitawajibu.

Kesho asubuhi nitafunga hiyo box ya mbao kwa boda, niende Ngaremara kabla uncle Lokwang apeleke mbuzi malishoni. Nitasimamisha darubini kwa miguu yake mlangoni pake, halafu nimwambie kitu mgeni alipoteza ilikuwa gani. Akilia, atalia. Akinifukuza, nitakaa huko kwa fence yake mpaka anisikize.